Mwaka Tuliojifunza Kushika Kushoto

Mwezi uliopita nilikwenda Kamalondo, Lubumbashi, kwenye arobaini ya Papa Radjabu. Ua ulikuwa umejaa, wanaume chini ya turubai, sisi wanawake sebuleni na barazani juu ya mikeka, na harufu ya pilau ikitoka nyuma ya nyumba na kujipenyeza katikati ya dua. Kisomo kilipokwisha, mzee mmoja wa msikiti alisimama kumsifu marehemu. Alisema alikuwa seremala ambaye meza zake zitaishi kuliko wajukuu wetu. Alisema alikuwa mtu wa neno moja. Halafu akapandisha sauti: “Na alikuwa muntu asiyeogopa njia! Nani mwingine katika mtaa huu alibeba bibi yake mpaka inchi ya bengine, ndani ya mutuka yenye vitanda?” Wanaume wakaitikia kwa pamoja. Mama Mwamini, aliyeketi kando yangu katika nguo zake za eda, akanishika mkono kwa nguvu. Nilimsikia anatetemeka. Nikadhani kilio kimemrudia, nikamwinua polepole na kumpeleka jikoni, na tulipofika pale akajiziba mdomo kwa upande wa mtandio, akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Mado,” alisema alipopata pumzi, “tungebaki pale ningeharibu dua ya bantu.” Mimi pia nilikuwa nacheka. Wanawake waliokuwa wakipakua chakula walitutazama kwa huruma, wakidhani huzuni imetuvuruga akili. Kisha akajifuta uso, akasema kwa sauti yake ya kawaida: “Uandike vile ilikuwa. Wewe ulikuwa pale, na haiko haya ndani yake.”

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimepanga chumba nyuma ya nyumba yao, na chuo kimefungwa. Walimu wa chuo chetu cha Kasapa walikuwa wamegoma, na kila wiki tuliambiwa masomo yataanza wiki ijayo, mpaka tukaacha kuuliza. Wenzangu wengi walirudi kwao. Mimi nilibaki, kwa sababu kurudi nyumbani katikati ya mwaka bila cheti kulinitia aibu, na kwa sababu chumba kile nilikipenda. Ukuta wake mmoja ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ulikuwa karakana ya Papa Radjabu. Asubuhi niliamshwa na randa, na vumbi la mti wa mulombwa lilipita kwenye nyufa likatua juu ya vitabu vyangu, jekundu, lenye harufu tamu. Kodi yangu ilijumuisha chakula cha mchana, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo. Mama Mwamini alianza tu kuniita siku ya kwanza, na siku ya pili akaniuliza mbona nimechelewa. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, au matembele, au samaki wadogo wakavu waliokaangwa kwa mawese, sisi watatu, kwa kuwa watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda kuishi Kolwezi na Kalemie. Mezani pale ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno “vacances”, likizo, likitumiwa na watu wazima kwa ajili yao wenyewe.

Chanzo chake kilikuwa lile gari, ile mutuka yenye vitanda aliyoitaja mzee wa msikiti. Miaka kadhaa kabla sijafika, Wazungu wawili wastaafu, mume na mke, walikuwa wamepita Lubumbashi wakizunguka Afrika ndani ya gari refu jeupe lenye vitanda, jiko, sinki na meza ya kukunja. Makabati yao yalikuwa yamevunjika kwa sababu ya mashimo ya njia, wakamtafuta fundi, wakampata Papa Radjabu. Kabla kazi haijaisha yule mama aliugua, wakarudi kwao kwa ndege, gari likabaki katika ua wa mission. Baadaye wakaandika kwamba hawatarudi tena na kwamba wangependa gari liende kwa yule fundi aliyelishika kwa upole. Karatasi zake zilichukua muda mrefu na sitazisimulia. Lililo muhimu ni kwamba siku lilipovutwa kwa kamba mpaka Kamalondo, na kijana wa mekanisia wa magari akiwa kwenye usukani, mtaa mzima ulitoka kuliangalia, na Papa Radjabu akatangaza mbele ya wote: “Nitamupeleka Mwamini Zambia, aone maporomoko.” Watu wakapiga makofi. Na gari likaegeshwa kando ya karakana, chini ya bati, likakaa.

Nilipohamia pale lilikuwa bado limekaa. Mekanisia alikuwa amelitengeneza, injini iliwaka vizuri, na kila Jumamosi kijana wake alikuja kuliwasha na kuliacha lingurume. Papa Radjabu alikuwa amelifanya upya kwa ndani. Sijaona tena kazi ya namna ile. Alinionyesha kila droo: ilikuwa na kifungo kidogo cha mbao kilichoizuia isifunguke gari likipinda. Alikuwa ametengeneza mahali pa vikombe, kila kikombe na tundu lake, na kitanda kilichoingia ukutani kama ulimi unavyorudi mdomoni. “Angalia hii,” alikuwa akisema, akifungua na kufunga, “angalia vile inaingia.” Lakini ukimuuliza safari ni lini, alijibu kwamba mvua bado, au kwamba mvua imezidi, au alimtupia macho mkewe kwa namna ya mtu anayejua hawezi kusema yote. Basi sote tulijua jibu. Mtaa mzima ulijua. Mama Mwamini hapendi safari. Jirani yao, Mama Félicité, alilisema mbele yake: “Ningekuwa na bwana wa vile, leo ningekuwa nimefika mpaka Cape Town. Wewe unamufunga tu!” Mama Mwamini alicheka na kuendelea kuchambua mboga. “Miguu yangu haitaki,” alijibu. Nami, katika ujana wangu wa kuhukumu haraka, nilimwona ni mwanamke mwoga aliyemkalia mumewe, na nikamhurumia mzee.

Papa alinipa kazi ya kushona mapazia ya gari, maana nilikuwa na cherehani ya mkono na muda usio na mwisho. Mchana mmoja wa masika, mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nilikuwa ndani ya gari nimepiga magoti juu ya kitanda cha nyuma, napima dirisha. Wao wawili walikuja kujikinga mvua chini ya bati lile lile, wakasimama upande wa mlango. Ningekohoa, ningesema niko hapa. Lakini maneno ya kwanza niliyoyasikia yalinifanya nibaki nimepiga magoti pale pale. Mama Mwamini alikuwa anasema, bila hasira: “Radjabu, nimechoka kuwa mimi.”

“Kuwa wewe namna gani?”

“Kuwa ule anakataa. Mimi nataka kwenda. Nimetaka tangu siku ya kwanza. Miaka yote hii bantu banasema Mama Mwamini hapendi safari, nami naitikia. Juu yako. Sijakulaumu hata siku moja. Lakini hii mutuka ikiozea hapa, nitakulaumu.”

Kisha nikamsikia mzee akizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mezani. Alisema amejaribu. Alisema Ijumaa moja, wakati sisi wote tulikuwa hatupo, aliingia akakaa, akashika volant, ule usukani, akauachia hata kabla hajawasha. “Nikishika ile kitu, nasikia batoto banalia kule nyuma. Bamekuwa bakubwa, bako na batoto babo, lakini mimi bado nabasikia.” Ndipo nilipoelewa, kipande kwa kipande, mambo ambayo Mama alinieleza vizuri baadaye. Zamani, akiendesha gari dogo kutoka Lukafu na magunia ya mahindi, watoto wao wakiwa wamekaa juu ya mzigo, freni, yaani breki, zilikatika kwenye mteremko. Gari dogo lilikimbia peke yake mpaka likaingia ndani ya kichuguu na kusimama. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyevunjika mfupa. Watoto walishuka wakitetemeka, na jioni ile ile walikuwa wanacheza mpira. Ni yeye tu aliyebaki mle ndani. Tangu siku ile hakuendesha tena, na kwa vile alikuwa fundi mkubwa mwenye wanafunzi wengi, watu waliona ni kawaida patron, bosi kama yeye, kuendeshwa. Hakuna aliyeuliza. Na kila safari ilipotajwa, mkewe alitangulia kukataa, ili asikatae yeye.

“Tutafute shofere,” Mama alisema. Papa akauliza huyo dereva wa kukodi atalala wapi, na bantu watasema nini, yeye aliyetangaza mbele ya mtaa mzima. Mama akasema sentensi ambayo nimeibeba mpaka leo: “Basi mimi nitajifunza.” Papa akacheka kidogo, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeguswa mahali penye kidonda na kukuta hapaumi sana. Walipoondoka nilibaki nimepiga magoti na futi ya kupimia shingoni, nikiwa na aibu ya kusikia na aibu ya kuwa nimemhukumu, na mapazia yale ya dirisha la nyuma niliyakata vibaya, moja fupi kuliko lenzake.

Mama Mwamini alikuwa amevuka miaka hamsini na tano. Kesho yake alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya kitanda changu, akaanza kunieleza kwa kuzunguka kwamba anahitaji muntu wa kumusindikiza mahali fulani upande wa Kasapa. Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia nilikuwa ndani ya gari. Nikajiandaa kufukuzwa. “Bon, sawa,” alisema. “Umenipunguzia kazi ya kusema uongo. Vaa viatu.”

Mwalimu wetu aliitwa Kasongo, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, aliyefundisha watu kuendesha katika kiwanja cha wazi karibu na chuo, kwa pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Alipoona wanafunzi wake ni mama wa makamo na msichana wa chuo, aliuliza: “Nani kati yenu?” Mama akajibu: “Bote.” Sikuwa nimeambiwa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuendesha, kwa neno la mtu mwingine. Kasongo hakuwa na subira nyingi lakini alikuwa na haki. Alitupigia kelele sawasawa. “Mama, unaachia clutch kama unaachia nyoka! Polepole! Ni mutoto amelala!” Picha ile ya mtoto aliyelala ndiyo iliyomwingia. Baada ya pale mguu wake haukukosea tena, na mimi niliyekuwa nasoma vitabu vya hesabu niliendelea kuzima injini kila tulipoondoka. Vumbi la Kasapa lilitufanya wekundu mpaka kwenye kope. Tulikuwa tunanawa kwa jirani kabla ya kuingia nyumbani, kwa sababu Papa hakuwa ameambiwa kwamba maneno yale ya chini ya bati yamekwisha kuwa kazi.

Alijua kwa njia isiyofichika. Mama alipojiona yuko tayari, siku ya Jumamosi alimwambia kijana wa mekanisia ashuke, akapanda yeye, mimi kando yake, akawasha lile gari jeupe, akaweka marche arrière, gia ya kurudi nyuma, ili atoke nje ya ua. Gari lilikuwa refu kuliko pikapu ya Kasongo kwa namna ambayo hatukuifikiria. Tulisikia mlio wa mbao zikipasuka, na lango zima, nguzo na bawaba, likalala barabarani. Watu walitoka mbio. Mama Félicité alishika kichwa. Mama Mwamini alizima injini, akaweka mikono mapajani, akasema chini kwa chini, “Imekwisha. Hii njo mwisho wa vacances.” Papa Radjabu alitoka karakanani na penseli sikioni. Alilitazama lango. Alilitazama gari, halafu mkewe kule juu nyuma ya kioo, na nilimwona anaelewa. Kila mtu alingoja apige kelele. Alikwenda akainua ubao mmoja, akaugeuza, akasema: “Mulango ni mbao. Mbao niko nayo.” Kisha akatoa penseli sikioni na kuanza kupima upana wa tundu. Wiki iliyofuata lilikuwepo lango jipya, pana kuliko la kwanza kwa mkono mzima, na halikutajwa tena mezani.

Kuanzia siku ile mpango ukawa mpango. Papa alibandika ramani ya Zambia ukutani sebuleni, pale palipokuwa na picha ya harusi, na picha ikahamia chumbani. Tulijifunza majina kama watu wanavyojifunza sura: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Kapiri, Lusaka, na chini kabisa, pembeni mwa mto, Livingstone, penye maporomoko. Walibishana kuhusu kila kitu na nilifurahia kila ubishi. Papa alitaka kubeba randa na misumeno, “muntu hajui.” Mama alisema akibeba hata msumari mmoja yeye hapandi. Mama alitaka kubeba unga wa kutosha safari nzima. Papa akasema Zambia nao wanakula bukari, Mama akajibu kwamba unga wa bantu hauujui mkono wake. Siku moja alifanya jaribio la kupika ndani ya gari likiwa limesimama uani, tukala watatu magoti yakigusana, samaki wakavu na sombe, na kwa muda mrefu baadaye mapazia yangu yalinuka samaki. “Samaki tutapikia inje,” aliamua, na ikawa sheria. Mimi nikaambiwa nitakwenda nao. Nilikataa kwa adabu mara moja, kama inavyotakiwa, wakaona imetosha.

Kwamba nilikuwa wa lazima kulitokana na Kasongo. Yeye ndiye aliyetukumbusha kwamba Zambia wanashika kushoto, na sisi tunashika kulia, na gari letu, kwa vile lilitoka Ulaya, usukani wake uko kushoto. Maana yake dereva angekaa upande wa majani, asione kinachokuja mbele anapotaka kulipita lori. “Mutu wa kuume njo atakuwa macho,” alisema. “Mama atauliza, mutoto atajibu. Mutoto akisema uongo, munakufa bote.” Basi mutoto ndiye nilikuwa mimi. Mchana, vyombo vikiwa havijaondolewa, Mama aligeuza sahani ya bukari iliyobaki kuwa rond-point, mzunguko wa barabara, katikati ya meza na kuendesha kiberiti kuizunguka, kwa upande wa kwao Zambia. Mimi nilikuwa kijiko kinachokuja. “Napita?” aliuliza. “Usipite!” Papa alikuwa akila na kutazama, na mara moja moja, bila kuinua macho, alisukuma kikombe chake polepole katikati ya barabara yetu, kiwe lori la shaba, kuona tutafanya nini.

Sasa ninapokumbuka meza ile, naona kwamba hofu ilikuwa imeketi nasi siku zote, na kwamba ilikuwa imeanza kupewa chakula kama mgeni badala ya kufichwa chumbani. Siku zile sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba mzee hakuwa amewahi kutamka neno lenyewe. Alisema “Mwamini anapenda kuendesha.” Alisema “macho yangu, unajua, jua la Zambia.” Kijana wa mekanisia alipomuuliza waziwazi, alijifanya hakusikia kwa sababu ya randa, na randa ilikuwa imesimama.

Wiki za mwisho zilikuwa na uvumi wake. Gari linapopakiwa godoro, sufuria na gunia la makaa katika mji wetu, watu hawafikirii mapumziko. Mji huu umeona wengi wakiondoka na magodoro yao, na mara chache kwa kupenda. Mama Félicité alikuja na sahani ya chikanda, kitafunio cha mizizi na karanga, iliyofunikwa kwa kitambaa safi, akakaa, akala nusu yake mwenyewe, kisha akanong'ona: “Mwamini, mutuambie na sisi. Kuna nini inakuja? Munakimbia nini?” Mama alimshika mkono. “Hakuna kitu inakuja. Tunaenda kuangalia maji yanaanguka, halafu tunarudi.” “Maji tu?” “Maji tu.” Mama Félicité alitikisa kichwa, ingekuwa vita angeelewa. Alipoondoka nilimuuliza Mama mbona hasa alitaka kwenda, kwa kuwa alikuwa hajaniambia. Alifikiri huku akipanga vikombe katika matundu yao. “Nimesafiri mingi, Mado. Kindu, Kalemie, Kolwezi. Kila mara ni kilio, ao mutoto anazaliwa, ao mutu anaumwa. Nikifika tu, nashika sufuria. Nataka mara moja nifike mahali ambapo hakuna hata mutu moja anangoja nimupikie.”

Tuliondoka asubuhi yenye baridi, kama ilivyo kwetu kiangazi, na jua likiwa bado halijapasha bati. Mtaa ulitusindikiza. Mama alipita katikati ya lango jipya bila kugusa, watu wakashangilia, na Papa hakuwa mbele nasi. Alikuwa nyuma, amekaa juu ya kitanda, mgongo umeegemea kabati alilolitengeneza mwenyewe, macho yamefungwa, tasbihi mkononi. Kutoka pale mpaka Kasumbalesa, mpakani, nilisikia tasbihi yake tu. Tuliingia katika mstari wa malori ya shaba, tukangoja, tukagongewa mihuri, tukaulizwa na ofisa mmoja kama ndani kuna biashara, Mama akamfungulia mlango amwone mzee na mapazia. Ofisa akatazama pazia fupi na pazia refu, akatuambia tupite. Baada ya kizuizi cha mwisho Mama alisimamisha gari pembeni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho katika baridi ile. “Mado,” alisema, “kushoto ni wapi?” Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, miezi yote ile ya kiberiti na bukari ilikuwa imemtoka kichwani. Nikamwambia: mkono wenye bangili. Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, akaurudisha kwenye usukani, akasema bismillahi, na tukaingia upande wa kushoto wa barabara ya Zambia.

Nimeendesha sana tangu wakati ule. Chuo kilipofunguliwa nilimaliza, lakini hesabu hazikunipa kazi. Kazi nilipewa na mguu wa kushoto, ule wa clutch, uliofundishwa na Kasongo. Kwa miaka mingi niliendesha malori makubwa ya mgodi upande wa Kambove, yale ambayo unayapanda kwa ngazi, na vijana wengi wamekaa kando yangu wakijifunza. Lakini barabara ndefu kuliko zote kwangu imebaki ile fupi ya kwenda Chingola, Mama akiuliza “napita?” na mimi nikitoa kichwa dirishani, upepo ukinitoa machozi, nikijibu “bado... bado... pita!”. Kila tulipolipita lori moja tulipumua kwa pamoja. Na nyuma yetu, mahali fulani baada ya lori la tatu au la nne, tasbihi ilinyamaza. Nikageuka kwa hofu. Papa Radjabu alikuwa amefungua macho, amesogeza pazia, anatazama miti ikipita.

Shamba lililopokea wasafiri, ambako tungelala usiku wa kwanza, lilikuwa nje kidogo ya mji wa Chingola, na tulifika jua likiwa bado juu. Mtunzaji wake, mzee wa makamo ya Papa aliyevaa gambuti, alikuja kutulaki. “Mwaiseni, mukwai!” alisema, karibuni, na kwa vile Kibemba tunakisikia sote tangu utoto, hatukujiona tumefika mbali. Mama alikuwa amesimamisha gari njiani, amelaza paji la uso juu ya usukani, anapumzika. Papa alikuwa ameshashuka kwa mlango wa nyuma, ananyoosha miguu. Kwa hiyo yule mtunzaji, kama ambavyo mwanamume yeyote angefanya, alimwendea yeye. Akampa mkono, akamsifu kwa safari, akaanza kumweleza: shofere, upande huu kuna mtaro, rudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye ule mti, usiende kulia sana. Alieleza kwa mikono yote miwili. Papa alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeshuka upande wangu, na nilitaka kusema neno lolote, jua, macho, uchovu, nimwokoe kama alivyookolewa siku zote. Mama alikuwa ameinua kichwa. Naye niliona ametayarisha mdomo.

Papa Radjabu akatangulia. “Shofere si mimi,” alisema kwa Kibemba, polepole, kama anayechagua mbao. “Shofere ni bibi yangu, yule pale. Mimi ninaogopa kuendesha. Nimeogopa miaka mingi.”

Yule mtunzaji alimtazama. Alitazama gari, akamwona Mama nyuma ya kioo. “Ah,” alisema. Akazunguka mbele ya gari mpaka dirishani kwa Mama, akaanza upya, kwa mikono ile ile miwili: mama, upande huu kuna mtaro, rudisha kinyumenyume mpaka kwenye ule mti, usiende kulia sana.

Hiyo tu. Mbingu haikuanguka, wala yule mtu hakucheka. Papa alibaki amesimama palepale penye majani makavu, midomo wazi kidogo, kama aliyesukuma kwa bega lake lote mlango ambao haukuwa umefungwa. Kisha nikaona mabega yake yanashuka. Yalishuka kweli, yakaonekana, nami nikagundua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimeyaona yamepandishwa na kudhani ndivyo alivyoumbwa. Mama aliwasha injini. Taa za nyuma zikawaka. Papa Radjabu akanipita kwa haraka, akaenda kusimama nyuma ya gari mahali pa kuonekana kwenye kioo, akainua mikono juu na kuanza kumwita mkewe kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: “Rudi, Mwamini! Rudi! Rudi! Bado... bado... Hapo!”